Lensbaby, TS-E na TTArtisan: lenzi za kuchagua fokasi, na kamera zinazozifaa kwa kazi za Unguja na Pemba

Mtu akitaka lenzi ya kuchagua fokasi, yaani inayoacha sehemu moja tu ya picha ikiwa kali, swali lake la kwanza huwa la lenzi: Lensbaby ipi, TS-E bei gani, hii ya Kichina inafaa? Swali la kamera huja baadaye, au haliji kabisa. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Uhondo wa lenzi hizi uko pembeni mwa picha, kwenye ule ukungu unaofuta au kuvuta kila kilicho kando, na sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha) ikiwa ndogo hukata pembeni. Funga Sweet 50 ya Lensbaby kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa), tundu la kupitisha mwanga likiwa f/2.5 (namba ndogo ni tundu kubwa), utapata kiduara kimoja kikali na vilivyobaki vyote vinakimbia. Ifunge hiyo hiyo kwenye kamera ya APS-C, yenye sensa ndogo inayopunguza upana mara 1.5 (Canon mara 1.6), na kile kiduara kinajaza sehemu kubwa ya picha. Unabaki na picha ya kawaida iliyolegea makali kwenye kona, na mteja anakuuliza kama lenzi ilikuwa chafu.

Kwa hiyo kamera na lenzi zinapimwa pamoja. Tuanze na lenzi, kwa sababu majina yake yanachanganywa mno.

Lensbaby ni kampuni ya Marekani iliyoanza 2004 na lenzi iliyoshikiliwa na mpira unaokunjika. Leo mfumo wake mkuu ni Composer Pro II: mwili wa chuma wenye tufe linalozunguka ndani ya kikombe, kama nyonga, na kupinda hadi nyuzi 15 upande wowote. Ndani yake unaweka kioo unachotaka. Sweet 35 na Sweet 50 hutoa kiduara cha makali unachoweza kukisogeza. Edge 35, Edge 50 na Edge 80 hutoa ukanda mwembamba wa makali unaokatiza picha. Vioo hivi hubadilishwa kwa kubonyeza na kuzungusha, kazi ya sekunde chache, ila usiifanye ufukweni. Sol 45 ni ya bei rahisi zaidi, ilitoka ikiuzwa takriban dola 200. Hupinda nyuzi 8.5 tu na tundu lake ni f/3.5 daima, halibadiliki. Velvet 56 na Velvet 85 hazipindi kabisa. Hizo hulainisha picha nzima kwa mwanga unaochuruzika juu ya kitu kilichobaki kikali.

TS-E za Canon ni kabila jingine. TS-E 24mm f/3.5L II na TS-E 17mm f/4L zilitoka 2009. Hupinda na pia husogea kando milimita 12, kwa skurubu zenye vipimo. Ni kali hadi kona, na ukungu unaoupata ni kwa sababu umeutaka. Halafu ipo TTArtisan 50mm f/1.4 ya kupinda, ya kamera zisizo na kioo cha ndani, yenye nyuzi 8 na isiyo na umeme wowote. Kwa bei yake ni nzuri kuliko inavyostahili. Kwa f/1.4 ikipindwa, vitu vyeupe huanza kuonyesha mstari wa zambarau kwenye kingo, kwa mfano kanzu iliyopigwa na jua. Shuka hadi f/2.8 na sehemu kubwa ya tatizo hilo inaondoka.

Sasa kazini. Chukua mlango wa Mji Mkongwe wenye misumari ya shaba. Kwa Sweet 50, simama mita moja hivi kutoka mlangoni, tundu f/4, kamera ikilenga katikati ya mlango. Pinda lenzi kuelekea msumari unaoutaka, mathalan ule wa juu kushoto. Usizungushe fokasi kabla ya kupinda, kwa sababu kupinda kwenyewe kunabadilisha fokasi na utarudia kazi. Ukishapinda, kaza pete ya nyuma mpaka tufe lishike, ndipo uzungushe fokasi taratibu mpaka ncha ya msumari ikate. Ukiacha pete imelegea, kuzungusha fokasi kutasukuma tufe na kiduara kitahama bila wewe kujua. Kosa hili ndilo linalowafanya wengi waseme Composer haishiki fokasi. Inashika, pete ndiyo haikukazwa.

Kwa f/2.5 kiduara ni kidogo sana: msumari mmoja na nakshi ya jirani yake, basi. Kwa f/4 kinachukua uso wa mtu kuanzia kidevu hadi paji. Kwa f/5.6 sehemu kubwa ya picha imeshakuwa kali, na ukiendelea kushuka umebeba lenzi ya kupinda kwa kazi ya lenzi yoyote. Usiku Forodhani, taa za wauzaji zinazoangukia nje ya kiduara huvutika kuelekea kingoni. Hapo f/2.5 inapendeza, mradi uso wa muuzaji uwe ndani ya kiduara na si sahani peke yake.

Edge 50 inahitaji akili tofauti. Ukanda wake hufuata mwelekeo uliopinda: pinda juu au chini, ukanda unalala kukatiza picha, pinda kushoto au kulia, unasimama wima. Mahali inapong'aa ni Pemba wakati wa karafuu. Mtu amekaa chini anachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Ukipinda kidogo kwa mshazari kwa f/3.2, unaweza kuulaza ukanda upite kwenye vidole, rundo la karafuu mbichi na uso wake kwa mshazari, huku jamvi la mbele na ukuta wa nyuma vikiyeyuka. Lenzi ya kawaida ya f/1.4 haiwezi hilo, kwa kuwa makali yake daima yanakwenda sambamba na sensa: ukipata vidole, uso umekosa. Modi ya picha za watu kwenye simu nayo inakwama hapo hapo. Programu inakisia umbali, na hukosea kwenye mapindo ya mtandio, nyavu na nywele.

Kuna kazi nyingine ambayo watu huinunulia Edge na isiyo yake: kupata kila kitu kiwe kikali kutoka miguuni hadi upeo wa macho. Fikiria mashamba ya mwani Paje au Jambiani maji yakitoka, mistari ya vijiti na kamba ikikimbilia kwenye mwamba. Theodor Scheimpflug wa Austria alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kanuni ya kupinda lenzi inayowezesha kulaza makali juu ya ardhi, na hesabu ya pembe ni fupi. Gawanya urefu wa lenzi kwa kimo cha kamera, na jibu ni sini (sine) ya pembe ya kupinda. Lenzi ya milimita 24 ikiwa mita 1.5 juu ya mchanga: 0.024 gawa kwa 1.5 ni 0.016, yaani chini kidogo ya nyuzi moja. Lenzi ya milimita 50 kwa kimo hicho inataka nyuzi mbili pungufu. Nyuzi moja au mbili! TS-E ina skurubu na kipimo cha kufika hapo. Tufe la Composer halina alama yoyote, na kulipinda nyuzi moja kwa mkono ni bahati nasibu. Kazi ya mwani yenye makali toka mbele hadi mwisho ipe TS-E 24 II, tundu f/8, shata (kasi ya kupiga) yoyote inayosimamisha kamba zinazotikisika.

TS-E hiyo hiyo ndiyo pekee humu inayonyoosha nyumba. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikupi nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo watu huinua kamera na kuta zinaanguka nyuma. Weka kamera sawa kwa pima maji, halafu sogeza lenzi juu milimita 8 hadi 12. Kuta zinasimama. Hoteli zinazotaka picha za ua na baraza hulipia hili, na hakuna Lensbaby inayolifanya. Ukitumia DSLR (kamera yenye kioo cha ndani), pima mwanga kabla ya kusogeza au kupinda, kwa sababu kipimo chake hudanganywa na lenzi ikiwa imekaa upande. Kwenye kamera isiyo na kioo, amini histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini.

Velvet 56 ndiyo inayorudisha fedha yake mapema zaidi kwa anayefanya harusi. Inafika f/1.6, inakaribia hadi sentimita 13 kutoka mbele ya lenzi, na inatoa nusu ya ukubwa halisi. Hina ya bi harusi ni kazi yake kabisa. Kwa f/1.6 mistari ya hina inazama kwenye mwanga na fundi aliyeichora atanung'unika. Kwa f/2.8 mstari unakata vizuri na ngozi inabaki na ule mng'ao mwepesi. Kwa f/4 mng'ao unakaribia kwisha, f/5.6 ni lenzi ya kawaida ya karibu, tena kali sana. Tundu la Velvet hufunga papo hapo ukizungusha pete, kwa hiyo fokasi kwenye tundu lile lile utakalopigia. Ukifokasi kwa f/1.6 halafu ukashuka hadi f/4, sehemu kali inahama kidogo, na kwa umbali wa sentimita 13 "kidogo" ni mstari mzima wa hina. Jambo la pembeni lakini si dogo: kwa umbali huo uko kwenye mapaja ya bi harusi. Kazi ya chumbani ni ya mpiga picha mwanamke, kwa idhini ya bi harusi na ya somo wake, na kadi haitoki chumbani kabla hawajakubaliana zipi zionekane.

Kamera sasa. Lenzi zote hizi hufokasiwa kwa mkono, kwa hiyo sifa unazolipia zaidi dukani (fokasi inayofuata jicho, inayofuata ndege) hazina kazi hapa. Hilo linabadilisha orodha yote.

Chaguo langu la kwanza kwa video na picha pamoja ni Panasonic Lumix S5 ya 2020. Ni fremu kamili, megapikseli 24, ina kitulizo cha sensa (kinachopunguza mtikisiko wa mkono) na hurekodi 4K ya biti 10 ndani, yenye ngazi nyingi za rangi. Watu waliikimbia kwa sababu fokasi yake ya kujiendesha kwenye video husitasita, na ndiyo maana iliyotumika hupatikana kwa bei ya chini kuliko wenzake. Kwa Lensbaby, dosari hiyo haikuhusu hata chembe. Ukipiga 4K ya fremu 60 inakata hadi upana wa APS-C na kukunyang'anya pembe. Baki kwenye fremu 25.

Sony A7 III ya 2018 inaifuata kwa karibu. Betri yake ni ya kudumu, jambo kubwa ukiwa Misali au shambani Pemba bila umeme, na 4K yake hutumia upana wote wa sensa kwenye fremu 25. Upungufu wake ni biti 8 tu kwenye video, na skrini hafifu juani. Tumia kitundu cha kuchungulia.

Canon EOS R na RP ziangalie kwa tahadhari. Kwa picha ni fremu kamili safi, ila kwenye 4K zote mbili hukata takriban mara 1.6 hadi 1.75, na Sweet 50 yako inageuka lenzi ya kawaida mara tu unapobonyeza kurekodi. Nikon Z5 ina ugonjwa huo huo kwenye 4K, Z6 haina. Canon R6 haikati kwa kiasi cha kuhesabika, lakini makadirio ya Canon wenyewe kwa 4K ya fremu 60 ni nusu saa hivi kwenye joto la nyuzi 23. Nyuzi 23 hapa kwetu ni ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Sony ZV-E10 haina kitulizo cha sensa wala kitundu cha kuchungulia. Saa sita mchana Nungwi huoni fokasi yako, na bila kuona fokasi lenzi hizi hazina maana. Mwenye kamera ya APS-C achukue Sweet 35 au Edge 35 badala ya za 50, apate angalau upana. Wenye DSLR za zamani za aina ya 5D au 6D wasizitupe, lakini wafokasi kwa skrini ya nyuma iliyokuzwa. Kioo cha kuchungulia cha DSLR hakionyeshi ukungu halisi wa tundu lililo wazi kupita f/2.8 hivi, kwa hiyo unachokiona si utakachokipata. Nikon za D3000 na D5000 hazipimi mwanga kabisa kwa lenzi isiyo na umeme.

Kabla ya kupiga hata picha moja, ingia kwenye menyu. Kamera nyingi hukataa kupiga zisipoitambua lenzi: washa ruhusa ya kupiga bila lenzi. Kisha andika urefu wa lenzi kwenye kitulizo cha sensa, 35, 50 au 56. Ukiacha namba ya lenzi ya jana, mathalan 135, kitulizo kinasahihisha kupita kiasi na video inayumba mkono wako ukiwa umetulia. Washa rangi ya kuonyesha makali, nyekundu ni bora kuliko nyeupe kwenye mchanga, lakini usiitegemee kwa Velvet iliyo wazi: ulaini wake huinyima rangi hiyo cha kushika. Hapo kuza picha.

Mwanga wetu wa mchana ndio adui wa video. Jua kali, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, fremu 25 kwa shata ya 1/50: kwa f/2.5 unahitaji kupunguza stopu sita na kitu (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), yaani filta nyeusi ya kupunguza mwanga ya ND64. Mchanga mweupe huongeza karibu stopu moja. Ukirekodi kwa S-Log3 ya A7 III (modi ya video ya kurekebishwa rangi baadaye), ambayo haishuki chini ya ISO 800, ongeza stopu tatu. Kwa picha, Sweet kwa f/2.5 inatosheka na shata ya 1/4000, lakini Velvet kwa f/1.6 inavuka uwezo wa shata ya chuma na itataka ND8. Uzi wa filta wa Sweet 50 na Edge 50 ni milimita 46, wa Velvet 56 ni 62. Nunua ND za 62 na pete ya kupandisha kutoka 46. ND za kuzungusha ziache kwa Composer: unaposhika mdomo wa lenzi kupinda, filta inazunguka na mwanga unabadilika katikati ya rekodi. Usiku baki 1/50 au 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 na taa za LED za bei rahisi huchora mistari kwenye shata nyingine.

Kuhamisha kiduara wakati wa kurekodi kunawezekana, kwa stendi tu. Kaza pete nusu, shika mdomo wa lenzi kwa kidole gumba na viwili vingine, na songa kwa sekunde tatu au nne kutoka uso mmoja hadi mwingine walio umbali sawa. Wakiwa umbali tofauti, fokasi itakosa mwishoni na huna mkono wa tatu.

Kuhusu hewa ya bahari: Lensbaby haina kinga ya maji wala vumbi, na chembe moja ya mchanga ndani ya kikombe cha tufe huanza kukwaruza kila unapopinda. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa, la sivyo mvuke utaganda kwenye kioo, na unyevu uliobaki ndani ndio chakula cha kuvu. Weka silika (chembe za kunyonya unyevu) kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na uikaushe ikibadilika rangi. Chumvi ipulize kwanza, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Ukianza na kikavu unasugua kioo.

Ukinunua iliyotumika, iwe Darajani, Dar au imeletwa kutoka Dubai, pinda tufe hadi mwisho, kaza pete, na uelekeze lenzi chini. Likishuka lenyewe, pete imeliwa. Kwa TS-E, zungusha kila skurubu hadi mwisho wake na ujaribu kufuli zake ndogo, maana hizo hukatika. Mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka nyuma ukitafuta nyuzinyuzi za kuvu. TS-E kwenye Sony au Panasonic inahitaji adapta yenye umeme. Kwa adapta bubu tundu linabaki wazi, huna la kuligeuza.

Lensbaby ni tofauti: tundu ni la mkono, kwa hiyo adapta bubu ya bei rahisi inatosha. Kama huna hakika utabaki na kamera gani, tafuta Composer ya mdomo wa Nikon F (yaani sehemu ya nyuma inayofungwa kwenye kamera) hata kama hutumii Nikon. Mdomo wa F unakaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, wa Canon EF 44, wa Sony E 18, wa Canon RF 20. Ya F itaingia kote huko kwa adapta na bado itafika mbali. Ya Sony E haiendi kwenye DSLR yoyote, na siku ukibadilisha kamera utaiuza kwa hasara.